Mgonjwa Aliyenyoa Ndevu

Katika chumba cha kufulia cha hoteli hakuna anayemsikia mwenzake mpaka apaze sauti. Mashine zinanguruma, mvuke unapuliza, na wanawake wanaofanya kazi humo wamezoea kusema hata mambo ya siri kana kwamba wanauza sokoni. Ndiyo maana kila dobi pale alijua kwamba mume wa Mama Pacha, sajini mstaafu wa jeshi, anaumwa ugonjwa usioonekana.

"Anaumwa nini hasa?" aliuliza dobi aliyeshika upande wa pili wa shuka. Shuka za hoteli hukunjwa na watu wawili. Wanasogeleana, wanarudi nyuma, wanasogeleana tena, kama watu wanaocheza ngoma wasiyoipenda.

"Sonona. Ndivyo daktari anavyoiita."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Moyo unakuwa mzito. Mtu hataki kula, hataki kutoka, hataki hata kusalimiwa."

"Mh! Basi mimi ninayo tangu niolewe."

Walicheka wote mpaka msimamizi akachungulia mlangoni. Mama Pacha naye alicheka. Utani ulikuwa mzuri, na yeye alikuwa amechoka kueleza.

Kwa miaka miwili sasa alikuwa akieleza. Alimweleza wifi yake, akawaeleza majirani, akawaeleza kwa simu mapacha wake waliokuwa wanasoma mbali. Kila aliyeelezwa alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza swali lile lile: mbona anaonekana mzima? Sajini alikwenda vitani nchi ya jirani mara mbili na mara zote mbili alirudi na mikono yake, miguu yake na vidole vyake vyote. Hilo ndilo lililomponza. Mwenzake mmoja alirudi na mguu wa chuma, na huyo akipita mtaani watu humpisha. Sajini akipita, watu husema, "Shikamoo, afande," halafu husemezana nyuma yake.

Aliyesema wazi kuliko wote alikuwa kaka yake Mama Pacha, fundi wa matairi, ambaye alimpa Sajini kazi kwenye karakana yake baada ya kustaafu. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Sajini aliipanga karakana kama ghala la silaha, jeki upande huu, spana upande ule, na wateja wakafurahi. Baadaye akaanza kukosa siku moja, kisha mbili, kisha wiki nzima bila taarifa.

"Dada, shemeji namheshimu," fundi alimwambia siku moja huku akipangusa mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. "Lakini juzi nilimpitia nyumbani saa nne asubuhi. Nimekuta amenyoa ndevu. Shati limepigwa pasi. Kitanda kimenyooka kama meza ya askofu. Mgonjwa gani huyo? Mgonjwa ananuka, bwana!"

"Kwa hiyo unasema ni mvivu?"

"Sijasema mvivu. Nimesema anategea."

Neno hilo lilikuwa na uzito wake. Jeshini, mtegeaji ni askari anayepanga foleni zahanati kila asubuhi yenye kazi ngumu. Enzi zake, Sajini alikuwa kiboko ya wategeaji. Alipita kwenye foleni taratibu, akisimama mbele ya huyu na yule. "Wewe, malaria yako inapanda ukiliona jembe tu?" Foleni yote ilicheka, na mwenye malaria akaenda kulima. Kaka mtu alizijua hadithi hizo, maana Sajini mwenyewe ndiye aliyezisimulia, siku zile alipokuwa bado anasimulia.

Na ukweli usemwe, hata Mama Pacha alikuwa na mashaka yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kuna siku kata nayo haijui kitu. Aliwahi kumwona mumewe kwenye harusi ya binti wa askari mwenzake akicheka mpaka akafuta machozi, akicheza, akiwaita watu kwa majina yao ya kambini. Njiani kurudi alikaa kimya, na ule ukimya ukaendelea wiki nzima. Usiku mmoja wa wiki hiyo Mama Pacha alilala akimwangalia na kujiuliza: kile kicheko kilikuwa cha nani? Kama anaweza kucheka kule, kwa nini hawezi hapa?

Hakuwahi kumwambia mtu swali hilo.

Kitu kimoja tu alikijua bila shaka. Kabla Sajini hajaanza kliniki ya hospitali ya jeshi, Mama Pacha alikuwa akitoka kazini mbio, huku roho iko mkononi, akiogopa atakachokikuta nyuma ya mlango. Tangu aanze dawa na mazungumzo na daktari, mbio zile zimepungua. Mumewe hajapona, ila anakula na anajibu anapoulizwa.

Sasa hospitali ilikuwa imemwita mbele ya bodi. Madaktari wangemtazama na kuamua: aendelee na kliniki, au ahesabiwe mzima na nafasi yake apewe mwingine. Walitaka pia mtu mmoja wa familia aje kutoa maelezo.

"Usinyoe," Mama Pacha alimwambia siku mbili kabla.

Sajini alikuwa anapiga viatu rangi. Hakuinua macho. "Kwa nini?"

"Nenda kama unavyokuwa siku zile mbaya. Wakuone."

"Unataka niigize."

"Nataka wakuone ulivyo, Baba Pacha."

"Mtu haendi kwenye ukaguzi mchafu." Alitema mate kwenye kitambaa, akazungusha. "Wanaofanya hivyo nawajua. Wanajipaka majivu usoni ili wapauke. Nilikuwa nawaosha kwa ndoo."

Mama Pacha alitaka kumjibu, akaona atakuwa anapigia mbuzi gitaa. Akaenda kuanua nguo.

Asubuhi ya bodi Sajini alitoka chumbani amenyoa hadi kidevu kinang'aa. Suruali ilikuwa na mstari wa pasi ambao Mama Pacha, pamoja na miaka yake yote ya udobi, hakuwa na cha kuurekebisha. Majirani walisimama kumtazama. "Afande, leo unaoa tena?" aliuliza mmoja. Sajini alitabasamu. Mama Pacha alilitazama tabasamu lile, akajua ndilo watakaloliona madaktari.

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na viti viwili vya plastiki mbele ya meza. Mwenyekiti alikuwa daktari mwenye cheo cha meja, mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kando yake alikaa daktari wa kliniki, mwanamke kijana, raia, ndiye aliyekuwa akimtibu Sajini.

"Karibu, Sajini. Kaa."

"Afande!" Alikaa, lakini mgongo wake haukugusa kiti.

"Unalalaje siku hizi?"

"Vizuri, afande."

"Chakula?"

"Nakula, afande."

"Kazini je?"

"Hakuna tatizo, afande."

Mama Pacha aliuma mdomo. Alifumba macho, akayafumbua. Mumewe hakuwa anasema uongo. Alikuwa anatoa ripoti. Sajini akiulizwa hali na ofisa, jibu ni moja. Anayesema kuna tatizo, tatizo ni yeye. Mdomo wake ulikuwa umezoezwa hivyo tangu ujana, na hapa palikuwa na cheo mezani, basi ukajiendea wenyewe.

Meja alimtazama daktari kijana kana kwamba anamwambia: umesikia mwenyewe.

Daktari kijana alisogeza kiti chake mbele. "Mzee wangu, nitazame mimi. Mimi si ofisa, usiniite afande. Wewe ukijitazama, unaona una nini?"

Feni ilizunguka. Sajini alitazama viatu vyake, kisha ukuta.

"Nategea," alisema.

"Unasemaje?"

"Nategea. Mwili wangu mzima. Kazi ipo, shemeji kanipa. Ikifika asubuhi nashindwa kutoka. Nimewatoa watu kwenye foleni kwa kosa hilo hilo. Kuna mwingine alinililia, nikamtoa hivyo hivyo. Sasa mimi nani hata niitwe mgonjwa?"

Alisema kwa sauti ile ile ya ripoti, bila kupandisha wala kushusha.  Miaka miwili Mama Pacha amepigana na kaka yake, wifi yake na mtaa mzima, kumbe asiyeamini kuliko wote analala naye kitanda kimoja.

Meja aliishusha miwani machoni. "Mama, una la kusema?"

Alikuwa ameyapanga maneno tangu juzi. Yote yalipotea. Likabaki jambo moja, ambalo alikuwa ameapa moyoni kutolisema popote, kwa sababu lilikuwa aibu ya mumewe, nayo ilikuwa amana kwake.

"Wiki iliyopita boila ya kazini, ile ya mvuke, iliharibika," alisema. "Tukarudishwa nyumbani kabla ya mchana. Yeye hakujua ninakuja."

"Mama Pacha," Sajini alisema kwa sauti ya chini.

"Nimefika, kitanda kimetandikwa, yeye hayupo. Nimeita, kimya. Nikasikia mtu anahema. Nimezunguka kitanda, nikamkuta amelala chini, kwenye saruji, kati ya kitanda na ukuta. Shati la pasi, viatu miguuni. Hana hata mto."

"Nimekwambia nilikuwa natafuta kifungo."

"Vifungo vyako vyote vilikuwa kwenye shati, Baba Pacha. Na shavu lako lilikuwa na alama za sakafu. Hakuwa ameanguka wala hakuwa usingizini, daktari. Amelala tu, macho wazi. Anatandika mimi nikitoka, halafu analala chini ili asikivuruge. Mtu akibisha mlango, anasimama, anapangusa uso, anafungua. Ndugu yangu alimkuta hivyo akasema ni mzima." Alimgeukia Meja. "Na mimi nisiwe mwongo. Mimi pia nilikuwa na mashaka naye. Mpaka siku ile."

 Daktari kijana alikuwa ameacha kuandika.

Meja alivua miwani kabisa. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya kambini. "Sajini, umewahi kumwona mtegeaji anayejikunja akiwa peke yake, halafu ofisa akija ananyooka?"

Sajini alikaza macho ukutani.

"Nimekuuliza."

"Hapana, afande."

"Basi." Aliiegemea meza. "Kliniki utaendelea. Kazi ya matairi utaiacha kwanza, mpaka daktari wako aseme. Hiyo ni amri, maana naona ombi hulielewi."

Nje, Sajini alitembea mbele, haraka, na Mama Pacha akamfuata kama mtu anayemfuata mdeni. Walipita geti, wakapita duka la dawa. Kwenye kona, mbele ya duka la kinyozi, Sajini alisimama ghafla.

"Umenivua nguo mbele ya maofisa."

"Nimekuvua."

"Ile ilikuwa siri ya nyumbani."

"Ndiyo. Na ningeiacha nyumbani ingekuzika." Hakuwa na nguvu ya kuomba msamaha, wala hakuwa na uhakika kwamba anadaiwa.

Simu yake ililia. Alikuwa kaka yake. "Eeh, dada, wamemwonaje? Kesho namtegemea au simtegemei?"

Mama Pacha alifungua mdomo kueleza, kama alivyoeleza kwa miaka miwili. Kisha akampa mumewe simu.

Sajini aliishika kama kitu cha moto. "Shemeji," alisema. "Kesho sitakuja."

"Una udhuru gani?"

Watu walikuwa wanapita. Mwanamke mwenye kapu, wanafunzi, mtu anayesukuma baiskeli. Kijasho kilikuwa kimeanza kumtoka Sajini juu ya mdomo, pale aliponyoa.

"Naumwa," alisema.

 "Haya," alisema fundi wa matairi, si kwa ubaya, si kwa wema. "Tutaona itachukua muda gani." Akakata.

Sajini alimrudishia mkewe simu.  Akashuka taratibu, akakaa ukingoni mwa njia, kwenye vumbi, mbele ya kinyozi na wateja wake, akaweka kichwa kati ya mikono. Kinyozi aliacha mashine ikinguruma hewani, akatazama. Mpita njia mmoja aliuliza kama mzee amelewa.

"Anaumwa," alisema Mama Pacha.

Zamu yake ya mchana hotelini ilikuwa imekwisha kuanza, na msimamizi si mtu wa kusikiliza udhuru. Mama Pacha alikusanya khanga yake, akakaa kando ya mumewe, na hakumwambia anyanyuke.