Saumu za Barabarani Zamlaza Mguu Fundi Muhidini

Saa mbili asubuhi, barazani kwake Ilomba, Mbeya, fundi Muhidini anashona kanzu huku mkewe akimzungushia gurudumu la cherehani kwa mkono.

"Polepole, Mama Jaha! Mshono unakimbia."

"Mkono huu si injini, Baba Jaha," anajibu Mwanakhamisi, akijipangusa jasho.

Kanyagio lipo, mguu wa kulia nao upo, ila haufai kitu. Unyayo unaning'inia. Akitembea huinua goti juu kama mtu avukaye matope, asije akajikwaa.

Muhidini, mzaliwa wa Iringa, zamani alikuwa utingo wa lori la mbao kati ya Mafinga na Mbeya. Kila Ramadhani ilimkuta njiani, naye akala, maana msafiri ameruhusiwa. Kulipa, alisema atalipa. Akaacha lori, akajifunza ushonaji, akaoa, na deni la Mungu likalala.

Mwaka jana dereva wake wa zamani, Mrisho, alifariki ghafla. "Nilirudi kutoka mazikoni na hofu," anasema. "Nikajiuliza, na mimi nikifa leo je?"

Basi akafunga miezi mfululizo. Daku chai tupu, futari vijiko viwili. Kanzu zikampwaya. Mwanakhamisi akalia, "Unajiua, mume wangu!" Wapi! Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Nguvu za kukanyaga cherehani zilipomwisha, alihamia mkekani, akawa anadarizi shingo za kanzu kutwa, mguu ameukunja chini yake. Adhuhuri moja alinyanyuka ili akaswali, mguu ukakataa.

Majirani walisema amerogwa. Asukile, dresa afungaye vidonda zahanati, alimpandisha kwenye mzani: ratili arobaini, kama kilo kumi na nane, zimepotea.

"Nyama iliyoukinga mshipa wa fahamu hapa gotini imekwisha," alimweleza, "nawe ukaubana kutwa. Kula, na mguu usiukunje. Huenda ukarudi."

Lililomuuma zaidi lilitoka kwa Mwalimu Yunusu wa chuo cha Kurani, aliyekuja kumjulia hali: "Nani alikwambia ulipe mfululizo? Ungefunga hata siku moja moja. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya," anasema fundi, machozi yakimlengalenga. "Mtu mzima na ndevu zangu, nikamwambie mwalimu kwamba miaka yote ile sijalipa? Laiti ningeuliza!"

Juzi kidole gumba cha mguu ule kilicheza kidogo. Mguu ukirudi, Muhidini anataka kukanyaga cherehani mwenyewe, mkewe apumzike. Saumu zilizobaki atazilipa moja moja, Inshallah.

"Na daku nitapika mimi," Mwanakhamisi anadakia, "na utakula mbele ya macho yangu."

Fundi anainamisha kichwa. "Nitakula, Mama Jaha."