Tofi za Mkono wa Kushoto

Mkono wangu wa kulia ulikufa Jumanne asubuhi nikichana nywele. Kitana kilidondoka, nikakiokota, kikadondoka tena, na nilipotaka kumwita jirani ulimi ukawa mzito kama niliyetafuna ndizi mbichi. Kiharusi. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, mtu wa kufungua majalada na kupiga mihuri. Miezi minne baadaye ulimi ulirudi, mguu nao ukarudi na kuchechemea kidogo, lakini mkono ulikataa. Vidole vilijikunja kama vya mtoto mchanga aliyelala. Vimejikunja hadi leo, na haya nayaandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto.

Aliyeniuguza ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka tisa, nyumbani kwake Makole. Nalisema hilo mapema ili asije akaonekana mtu mbaya. Alinilisha kwa kijiko, akanisuka nywele, na alikuwa akiniogesha bila kunitazama usoni kwa sababu alijua naona haya. Tatizo ni kwamba nilipopona, yeye hakuacha kuuguza. Niliporudi kwangu Area D alikuwa anakuja kila Jumamosi kunikagua kama nimeungua, na Jumamosi moja aliondoka na jiko langu la gesi. Alilibeba mwenyewe hadi kwenye bajaji.

"Chakula utaletewa," alisema. "Jiko la nini tena?"

Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyolipakata jiko langu kama mtoto wa kuasili. Jumatatu yake nilikwenda sokoni nikanunua jiko la mkaa.

Ni lazima nieleze kuhusu tofi, maana bila tofi hizi dada yangu na mimi tusingegombana. Mama yetu alikuwa anafua nguo kwa familia moja ya Kihindu iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Bibi wa nyumba ile mabega yalikuwa yanamsumbua, basi nilipomfuata mama siku za likizo aliniita jikoni nimkorogee maziwa. Huko ndiko nilikojifunza kwamba maziwa, sukari na iliki vikikaa motoni kwa saa nzima vinaacha kuwa maziwa, sukari na iliki. Nilipokua nikaongeza mambo yangu: siagi kidogo, na zabibu kavu za Makutupora zilizokatwa vipande vidogo. Nikaziita tofi za maziwa, na tangu hapo hakuna harusi, kipaimara wala ubatizo katika ukoo wetu uliopita bila sinia langu. Watu walikuwa wananisalimu kwanza kisha wanauliza, "Umekuja nazo?"

Sasa binti wa dada yangu akapata mchumba. Wiki tatu kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, alikuja kwangu na mama yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuzunguka. "Nataka tofi zako. Na nataka wewe mwenyewe ndiye uwapelekee wakwe zangu mezani. Si mtu mwingine."

Kabla sijajibu, dada akaingilia. "Tutanunua keki ndogo ndogo, imekwisha. Usimchoshe mama yako mdogo."

"Sijachoka," nilisema.

"Nani atakoroga?"

"Mimi."

Dada akashusha pumzi, akamwambia binti yake atoke nje akaangalie nguo kwenye kamba. Hakukuwa na nguo kwenye kamba. Tulipobaki wawili akanisogelea, akasema polepole, kwa upendo kabisa, na ndiyo maana yaliuma zaidi: "Mdogo wangu, hebu fikiria. Wazee wa watu wametoka kwao, wamevaa, wamekaa. Wewe unakwenda kuwapa chakula kwa mkono wa kushoto. Watasema tumewafundishaje watoto wetu adabu? Kaa nyuma na sisi, upumzike. Hakuna atakayekulaumu."

Nilikuwa nimelelewa kama yeye. Mkono wa kushoto haumpi mtu mzima kitu, haupokei, hausalimii. Nikiwa mdogo nilishachapwa kwa hilo, na aliyenichapa ni yeye. Lakini siku ile, nikimtazama anavyonihurumia, nilikataa kukaa nyuma. Nikamwambia, "Nitapika. Na nitapeleka."

Akachukua pochi yake akatoka bila kuaga.

Kusema ni rahisi. Siku ya kwanza maziwa yalifurika yakazima mkaa, nyumba ikanuka kuungua siku mbili. Siku ya pili nilivuka pale. Nilidondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likajikusanya chini likawa kijidonge laini, alama kwamba sukari imeiva. Nikaepua na kusubiri hadi kitako cha sufuria kikawa cha kuweza kushikika kwa kiganja. Ndipo nikafika mahali nilipokuwa nimepasahau kabisa. Tofi ikishapoa inapigwa kwa mwiko, kwa nguvu, bila kupumzika, mpaka ule mng'ao upotee na ianze kushika. Mkono mmoja unapiga, mwingine unashikilia sufuria. Nilipiga mara tatu, sufuria likazunguka pamoja na mwiko kama linacheza ngoma. Nililisukuma ukutani. Nikalibana kwa tumbo kwenye kona ya meza. Likaanguka, na tofi yote ikaenda sakafuni, nzuri, ya rangi ya udongo wa Dodoma.

Niliketi chini pembeni yake nikalia. Si kwa sababu ya tofi. Nililia kwa sababu nilimsikia dada yangu kichwani akisema, umeona?

Basi nikiwa pale pale chini, miguu nimeinyoosha mbele, nikaiangalia. Miguu miwili. Mmoja mzima, mwingine nusu mzima. Mama yetu alikuwa akisonga ugali wa watu wengi anakaa chini, sufuria kati ya miguu, na hakuna mtu aliyewahi kumcheka.

Kesho yake niliosha miguu kwa sabuni na brashi mpaka ikawa myeupe kuliko mikono. Nikatandika mkeka, nikazungushia sufuria kitambaa kilicholowana ili lisiteleze, nikalibana kati ya nyayo, nikaanza kupiga kwa kushoto. Bega liliwaka moto. Nilihesabu hadi mia, nikapumzika kwa kuvuta pumzi tatu, nikahesabu tena. Mahali fulani katika mia ya nne nikahisi mwiko umekuwa mzito, na nilipotazama, mng'ao ulikuwa umekwenda.

Ndipo dada akaingia. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nimesahau.

Alisimama na chombo chake cha wali mkononi, akanitazama juu hadi chini: gauni limepanda magotini, jasho, miguu imekumbatia sufuria.

"Unapika kwa miguu?"

"Miguu inashika. Mkono ndio unaopika."

"Watu watakula hiyo?"

"Wewe je, utakula?" Nilimega kwa mwiko nikamnyooshea. Kwa kushoto, ndiyo. Hakupokea. Akaweka wali mezani. Lakini hakuondoka pia. Alibaki amesimama, akanitazama nikimimina kwenye sinia nililopaka siagi, nikisawazisha kwa kisu, nikinyunyiza zabibu juu. Nilipomaliza alisema tu, "Kata vipande vidogo. Wazee hawana meno." Kisha akaondoka.

Sendofu ilikuwa alasiri, kwenye ukumbi mdogo wenye mapambo ya zambarau na upepo wa vumbi ukipiga madirisha. Mshereheshaji alipotangaza kwamba mama mdogo wa bibi harusi ataleta zawadi kwa wakwe, nilimwona dada akiinamisha kichwa. Nilisimama. Binti alitaka kunishikia sinia, nikakataa. Nililiweka juu ya mkono wa kulia uliojikunja, likalala pale kama kwenye rafu, na kushoto nikaliegemeza. Nikatembea na mchechemeo wangu ukumbi mzima, muziki ukiendelea.

Kwenye meza ya wakwe walikuwa wazee watano. Nikaliweka sinia mezani, nikapiga goti moja, lile zima, nikasema kwa sauti ambayo nilitaka ifike hadi nyuma:

"Shikamooni wazee wangu. Nimewaletea tofi nilizopika mwenyewe. Mkono wangu wa kulia hauna kazi tena, kwa hiyo nitawapa kwa huu. Sina mwingine."

Sikuomba samahani. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi ile njia nzima nikiwa kwenye bajaji, na kila mara neno samahani lilikuja lenyewe, nikalitoa.

Bibi mzaa baba wa bwana harusi, mama mrefu mwenye kilemba cha kijani, aliniinamia. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akachukua kipande kutoka kwenye mkono wangu wa kushoto, akatia mdomoni. Akatafuna. "Marahaba," akasema, "umeweka iliki." Waliofuata wakachukua. Lakini shangazi mmoja, wa mwisho mezani, alivuta mikono yake akaiweka mapajani, akatazama pembeni. Nilimsubiri. Nilihesabu kumi kimoyomoyo nikiwa nimemnyooshea kipande, watu wote wakitazama, na hakukichukua. Nikakila mwenyewe mbele yake, nikainuka.

Ningependa kuandika kwamba dada alilia, akanikumbatia. Hakufanya hivyo. Alinikasirikia kwa sababu ya yule shangazi, na wiki mbili hakuja kwangu kabisa. Binti yake ndiye aliyekuwa akipiga simu. Nami nilimkasirikia, nikakaa na hasira zangu, sikuona sababu ya kuzipunguza. Aliporudi alikuja siku ya kazi, si Jumamosi, na hakuleta wali. Alileta jiko langu la gesi. Alilifunga mwenyewe, akajaribu moto, akaniuliza maziwa nanunua kwa nani, kwa sababu kuna kipaimara kwa jirani yake na yule jirani ameuliza kuhusu zile tofi.

"Umemwambia nani anapika?" nilimuuliza.

"Nimemwambia mdogo wangu."

"Na umemwambia kwa mkono gani?"

Akanitazama, akakunja midomo, akavua viatu akakaa kwenye mkeka.

"Mwambie wewe," alisema. "Mdomo unao."

Nilimwambia. Sasa namwambia kila anayeagiza, kabla hajaagiza. Wengine hukata simu. Wengi hawakati.