Fundi Ngeli na maneno kumi na mawili

Saa mbili asubuhi, ngazi imeegemezwa ukutani na Fundi Ngeli yuko juu yake, brashi mkononi, akimtazama kinyozi aliye chini kama hakimu anavyomtazama mshtakiwa aliyekwisha kukiri.

Kinyozi ameleta karatasi ya bango lake jipya. Imeandikwa: KINYOZI WAKISASA.

"Hapa pana nafasi," anasema Fundi Ngeli. "Wa. Halafu kisasa."

"Fundi, andika nilivyoandika. Mwenye hela ni mimi."

"Hela yako inanunua rangi na jasho langu. Kosa siuzi."

Kinyozi anakuna kichwa, anacheka, anakubali. Wote hukubali. Kwa miaka thelathini na mmoja mtu huyu ameandika karibu kila bango la mtaa huu, na hakuna anayekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Aliacha shule darasa la tano. Mengine aliyaokota njiani, kwenye magazeti ya kufungia sabuni na vitabu visivyo na majalada. Wiki njema anapata mabango matatu. Wiki mbaya anapaka rangi milango ya vyoo na kushukuru.

Lakini mwezi uliopita, maradhi hayo ya kusahihisha watu nusura yamfilisi. Halafu yakamwokoa. Mpwa wake mpaka leo hajui amshukuru Mungu au amkemee mjomba.

Mpwa huyo ni fundi simu, ana kibanda ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyepiga picha mabango kumi na moja ya mjomba wake na kuyafanya picha za kidijitali zenye hati ya umiliki, zile ambazo wenyewe wanaziita NFT. Unayeinunua, hati inaandikwa kwako, na dunia nzima inaona. Tatu zilinunuliwa na watu wasiojulikana, wa mbali huko, kwa bei ya mabango sitini.

"Nilimuuliza, wanazitundika wapi?" anasimulia Fundi Ngeli. "Akasema hawazitundiki. Nikasema basi ni wagonjwa, lakini ni wagonjwa wenye adabu, wanalipa."

Nane zilizobaki zikakaa kwenye pochi ya kidijitali ndani ya simu yake. Saba zinauzwa. Ya nane haiuzwi. Ni bango la kwanza alilowahi kuandika, la duka la ushonaji la mkewe, marehemu sasa miaka sita. Ukuta wenyewe ulibomolewa baada ya kupigwa picha, duka likawa njia ya maji machafu.

Pochi ya namna hiyo ina ufunguo wa maneno kumi na mawili. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Simu ikipotea unayaandika kwenye simu nyingine, kila kitu kinarudi. Mpwa alimwambia ayaandike mahali pasipo simu, asiyapige picha, asimwonyeshe mtu. Kisha akageuka, asiyaone hata yeye.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema mpwa. "Mtu kama huyu humpi mgongo."

Maneno yale yalikuwa ya Kiingereza. Fundi Ngeli aliyasoma kwa Kiswahili. La kwanza lilikuwa *pole*. "Nikasema, angalau simu hii imefunzwa." La pili lilikuwa *tuna*. Tuna gani, naye anaishi peke yake? Akaandika *nina*. Likaja *taxi*, akaandika *teksi*, kwa kuwa hawezi kuvumilia uzembe. Likafuata *lake*. Teksi lake? Akaandika *yake*. *Radio* akaifanya *redio*. *Panda* aliikuta iko sawa, akaipongeza. Yale asiyoyaelewa aliyaacha yalivyo, kwa heshima ya wageni. Alipomaliza, akayapaka kwa rangi ya mafuta nyuma ya kipande cha ubao, akauficha nyuma ya makopo ya rangi.

Wiki mbili baadaye, mchana, picha ikaingia kwenye pochi yake bila kuombwa. Kikombe cha dhahabu. Chini yake: *Hongela! Umeshinda zawadi. Bonyeza hapa uingize maneno yako kumi na mbili.*

Mpwa alikuwa amemwonya: zawadi usiyoijua, usiiguse, ifiche tu. Na Fundi Ngeli anaapa kwamba zawadi haikumshughulisha.

"Hongela!" anasema, na mpaka leo uso unamkunjamana. "Na maneno kumi na mbili! Neno moja, maneno mawili. Mtoto wa darasa la pili anajua. Ningewaachaje?"

Akabonyeza, ili awasahihishe.

Aliyejibu alijiita mhudumu. Alimshukuru sana, akamwita mwalimu. Hapo mzee akalainika kama siagi juani. Mwalimu akaombwa maneno yake, kumi na *mawili*, kwa uhakiki tu. Mwalimu akayatuma.

Baada ya dakika tatu: "Yamekataa. Tuma tena."

Akatuma tena, safari hii kwa herufi kubwa.

"Yamekataa. Mzee, unatuibia muda."

"Hayawezi kukataa," akaandika kwa hasira. "Nimeyasahihisha mwenyewe."

Fundi Ngeli akavuka barabara kwenda kushtaki huduma mbovu.

"Mpwa, hawa watu wako wa pochi hawana heshima. Mtu anakupa maneno yake yote, unamwita mwizi?"

Bisibisi ikamtoka mpwa mkononi. "Mjomba. Umempa nani maneno?"

"Mhudumu."

"Pochi hii haina mhudumu! Ina wewe na wezi tu!"

Wakati huo simu ikalia. Ujumbe: *Basi mwalimu, tuandikie yalivyokuwa kabla hujayasahihisha.*

Naye, Mungu amsamehe, kidole kilikuwa tayari juu ya herufi. Kosa hulisahau? Yeye hajawahi kusahau hata moja. Yote kumi na mawili alikuwa nayo kichwani.

"Usijibu!"

"Ameuliza vizuri, lakini."

"Mjomba, lete simu au nakuita mjinga mbele ya wateja!"

Akampokonya. Akafungua pochi mpya, yenye ufunguo mpya, akaanza kuhamisha picha, moja moja, maana kila moja ina nauli yake.

"Anza na ya mke wangu," mzee akasema. Sauti yake haikuwa tena ya mtu anayesahihisha.

Ikavuka ya kwanza. Saba zikafuata. Ya mwisho ilipotua, mwizi alikuwa bado anabembeleza: *Mwalimu? Mwalimu upo?*

Maneno mapya yameandikwa herufi kwa herufi, yakalinganishwa mara tatu, mpwa akiwa amefumba macho lakini mdomo wazi: "Usisahihishe! Usisahihishe!" Ya zamani hayafungui kitu tena, ndiyo maana yametajwa hapa.

"Kati ya mapya kuna moja linaniwasha," anakiri Fundi Ngeli.

Lipi?

"Ah-ah," anasema, na kutikisa brashi. "Hata wewe."

Kwenye kibanda cha mpwa sasa pana bango jipya, halikulipiwa: MANENO KUMI NA MAWILI HAYAOMBWI, HAYATOLEWI. Watu wanasimama kulisoma. Wawili wamerudi nyumbani kukagua pochi zao.

Mpango wa Fundi Ngeli, msimu wa mvua ukiisha, ni kulirudisha lile bango la mkewe kwenye ukuta wa karakana yake, ukubwa uleule, buluu ileile. Alikuwa kijana alipoliandika. Liliandikwa: TUNA SHONA NGUO. Maneno matatu, badala ya mawili. Mwaka uliofuata alipanda ngazi kulirekebisha, mkewe akaishika ngazi chini, akasema: "Shuka. Wateja wamelizoea, na mimi nimelizoea."

Kinyozi, aliyekaa akisubiri rangi ikauke, anauliza kama safari hii atayaunganisha.

Fundi Ngeli anaosha brashi yake kwanza.

"Nitaandika tuna," anasema. "Na nafasi nitaiacha."