Mitutu Miwili Ukutani kwa Babu

Enzi zetu sisi, wenzangu mliokula bada la muhogo kwa mlenda na kulamba mkono mpaka kwenye kiwiko, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, tulicheza mdako kwa vijiwe, na mvua ikinyesha tuliteleza kwenye tope jekundu mpaka mama zetu wakashindwa kujua yupi ni wa nani. Lakini mimi na binamu zangu wa kike tulikuwa na raha moja ambayo hakuna mtoto mwingine wa Kang'ata aliyekuwa nayo. Babu yetu, mzee Mhando, baba yake mama, alikuwa anakusanya bunduki.

Msishtuke. Ilikuwa zama za Mwingereza, na bunduki zenyewe zilikuwa vikongwe. Zote zilikuwa za marisau, za mitutu miwili iliyolala sambamba, nyingine zimeachwa na Wajerumani, nyingine na walowezi wa mashamba ya mkonge kule Korogwe waliochoshwa na mbu wakarudi kwao. Fundi wa boma alikuwa amezing'oa pini, kila moja ilikuwa na kibali chake, na hakuna hata moja iliyoweza kumtisha kunguru. Nyani walivunja mahindi ya Babu mchana kweupe, naye amekaa barazani na ukuta mzima wa bunduki nyuma yake, anawatukana kwa Kizigua.

Tena hakuchukua bunduki ovyo ovyo. Alitaka zile zenye mitutu ya urefu usio wa kawaida tu. Ukimletea ya kawaida, ya shibiri tatu na kidogo, aliitazama kama mtu aliyeandaliwa kiporo. "Hii hata dukani kwa Mhindi ipo," alisema, akakukaribisha maji ya kunywa ili uondoke. Aliyekuja na mtutu mfupi kupita kiasi, au mrefu mpaka ukagusa dari, huyo alirudi kwake na mbuzi na kibuyu cha asali.

Alizipima kwa shibiri, na shibiri ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi pale nyumbani: mkono wa mwenye nyumba ndio rula. Shamba, mkeka, kitambaa cha Bibi, hata kaburi la ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa, vyote vilipimwa na Babu kwa kidole gumba na cha mwisho. Bunduki ikishapimwa ilipewa jina la kipimo chake, ikatundikwa kwa mpangilio, fupi upande wa mlango na ndefu upande wa dirisha. Kulikuwa na Mbili na Kidole, ambayo Bibi aliidharau akasema inafaa kuchochea jiko. Kulikuwa na Shibiri Nne. Na kulikuwa na Nne na Nusu, jitu ambalo sisi watoto tulilibeba wawili wawili kama jeneza.

Jamani, siku ya kuzisafisha! Ilikuwa kila Ijumaa baada ya swala. Babu alizishusha, akazifungua, akatupa matambara na mafuta ya nyonyo. Tulisugua nje, tukasugua ndani kwa kijiti, kisha tukachungulia jua kupitia kwenye mitutu tukaona pete za mwanga zikikimbizana. Halafu ndipo ilipoanza karamu yenyewe, kuzipuliza. Mbili na Kidole ililia kwa sauti nyembamba hata mbwa wakakimbilia migombani. Nne na Nusu ilinguruma kama fahali mwenye mafua. Tulipuliza zote kwa pamoja, mafuta yamejaa mdomoni, tunacheka huku tunapuliza, tunapaliwa, tunaanza upya, na Bibi anapiga kelele kutoka jikoni, "Mtatuitia wachawi wa nchi nzima!" Babu aliyetakiwa kutukataza alikuwa anacheza na fimbo yake katikati ya uwanja.

Sasa mwaka mmoja mama mdogo Zaina, kitinda mimba wa Babu, akapendana na fundi cherehani wa Manundu aitwaye Ramadhani. Ramadhani alizaliwa kambini, wazazi wake walikuja kukata mkonge kutoka mbali, na hakuwa na ukoo wowote huku wa kumsemea. Wakati huo huo tajiri mmoja wa mbuzi kutoka Handeni mjini, mwenye wake wawili na meno machache, alikuwa ameanza kutuma watu. Mama mdogo alilia siku nzima mpaka chai ikawa ya chumvi. Babu hakupenda kumwona analia, ila hakupenda pia kusemwa kwamba amemgawa binti bure. Akaamua kwa namna yake.

"Mahari mengine siyataki," alisema. "Huyo fundi aniletee urefu ambao haupo ukutani kwangu. Mvua za vuli zikianza hajaja, Zaina anakwenda Handeni."

Mama mdogo aliacha kulia papo hapo. Alijua kwamba ukutani hakukuwa na kitu chochote baina ya shibiri tatu na Shibiri Nne. Ijumaa iliyofuata, tulipokuwa tunasafisha, alichukua kamba ya katani, sisi tukashika Shibiri Nne huku na huku, akaikata kamba sawasawa na mtutu. Kamba hiyo ikasafiri mpaka Manundu ndani ya kikapu cha mama mmoja muuza kunde. Ujumbe ulikuwa mwepesi tu: tafuta ya kawaida iliyorefuka, lakini isifike mwisho wa kamba hii.

Ramadhani akaipata upande wa Kerenge, kwa Mgiriki mmoja mzee. Yule Mgiriki alikataa kuiuza, basi Ramadhani akamshonea mapazia ya nyumba nzima, kaptula za kaki, na koti la mbwa wake. Koti la mbwa ndilo lililomlainisha. Boma wakatoa pini, wakatoa kibali, na mbingu za vuli zikiwa zimeshaanza kunuka mvua, tukamwona kijana mrefu mwembamba anapanda njia ya Kang'ata kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba begani kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye shuka la maua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua."

Babu hakumpa hata kigoda. Aliilaza bunduki juu ya mkeka, akapanua mkono wake, akaanza kupima kutoka mdomoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne, na kidole cha mwisho kikagota pale pale mtutu ulipoishia. Babu akainuka, akajifuta mikono.

"Shibiri nne. Ninayo."

Ramadhani alibaki ameshika shuka lake la maua. Bibi alishika kiuno. Sisi watoto tulitazamana, maana kamba ilikatwa mikononi mwetu! Babu alikuwa ameshaanza kumwonyesha mgeni mtungi wa maji, ile adabu yake ya kumfukuza mtu, mama mdogo alipotoka chumbani bila mtandio. Binti wa Kizigua kumtokea mposaji wake kichwa wazi mbele ya baba! Hakumwangalia mtu. Alikwenda ukutani, akaishusha Shibiri Nne, akaisimamisha sakafuni ubavuni mwa ile ngeni, mitutu kwa mitutu.

Ngeni ilikuwa fupi kwa vidole vinne vizima.

Babu aliitazama moja, akaitazama nyingine. Akachuchumaa, akaipima Shibiri Nne yake aliyoipa jina kabla mama yangu hajazaliwa. Shibiri nne zikaisha na mtutu bado unaendelea. Akapima tena. Kisha akaugeuza mkono wake, akautazama kiganjani, akautazama mgongoni, vile vidole vilivyojikunja kwa jembe na kwa miaka. Nilidhani atalia, na mimi nilishaanza kulia kabla yake.

"Mke wangu," alimwambia Bibi taratibu, "mkono umepungua."

Kisha akacheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikampanda, kikamwangusha kwenye mkeka, machozi yakamtiririka kwenye ndevu. "Basi nimepata bunduki mpya zote!" alipiga kelele. "Zishusheni! Zishusheni zote!" Tukazishusha mbio. Akapima ukuta mzima alasiri ile mpaka usiku, akabatiza upya kila moja. Nne na Nusu ikawa karibu Tano, Babu akaruka kama amejifungua mapacha. Ramadhani akashikishwa taa, akapewa bada, akasahauliwa, akakumbukwa, akaitwa mwanangu. Na ile ngeni ikapewa jina la Zaina.

Siku ya kumtoa mama mdogo, magoma yanalia na wanawake wanapiga vigelegele, Babu aliweka mkono juu ya utosi wa bintiye, akaupanua ulivyoweza. "Ulipozaliwa nilikupima," alisema. "Ulikuwa shibiri mbili tu." Akamsukuma kidogo mgongoni aende, naye akaenda Manundu.

Siku hizi wajukuu zangu wanaposana kwa simu. Mmoja alinionyesha juzi: kijana ametuma picha yake amevaa miwani ya jua, baba wa binti amejibu kwa kidole gumba cha manjano, mambo yamekwisha, vocha haijaisha. Nikawauliza, mwenye binti amecheka wapi? Amelia wapi? Wakaniambia, "Bibi, si amesharidhia?" Nami nikamwaza mzee aliyeona siku moja kwamba amezeeka na kwamba binti anaondoka, akalala chini kwenye mkeka akacheka mpaka tukacheka sote. Wanaume wa namna ile wamekwisha, na mimi nawakumbuka sana.