Breki za Gari la Misiba

Nimechoka na habari za breki. Mimi ni muuza viazi wa soko la Uyole, kalipa, hicho chuma cha breki, nilitakiwa nikijulie wapi? Lakini nakijua, kwa sababu pikapu ya Baba imenisomesha bila kuniuliza kama nataka shule hiyo.

Baba aliendesha malori barabara ya Iringa mpaka alipostaafu, na enzi hizo tulikula nyanya za Ilula hadi tukazikinai. Baadaye akanunua pikapu kuukuu, na mtaa mzima ukaigeuza gari la misiba. Akifa mtu, hata turubai halijafungwa, wazee wanakuja kwetu kupiga hodi. Baba anavaa koti lake jeusi, anapakia jeneza na waombolezaji, anawapeleka hadi kwao marehemu, iwe Tukuyu, iwe Mbarali. Hataki kitu zaidi ya mafuta. Akirudi, watu wanamshika kwa mikono miwili: "Ndaga fijo, mzee wetu, asante sana." Hapo ungemwona, anarefuka.

Tatizo ni kisukari. Miguu yake ilianza kufa ganzi. Siku moja, masika, aliingia sebuleni na ndala moja. Nyingine ilinasa kwenye tope getini, wala hakuwa na habari. Mama alipomwonyesha, alicheka, akasema tope la Uyole lina wivu. Sisi hatukucheka. Hofu yetu ilikuwa moja, na tulikuwa tukiisema wazi jikoni: iko siku atashindwa kulisimamisha lile gari kwenye mteremko, nyuma wamejaa watu na maiti.

"Mwambie wewe, ni baba yako," Mama ananiambia.

"Mwambie wewe, ni mume wako."

Basi hakuna aliyemwambia.

Ndipo pedi zikaanza kuisha ovyo. Pedi ni vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu gari lisimame, na kwa gari la kutoka mara mojamoja zinatakiwa kukaa muda mrefu. Za Baba zilikuwa zinaliwa kama karanga. Mama akapata pa kuanzia. "Unakanyaga breki njia nzima," akamwambia, "mguu wenyewe hujui uko wapi." Lo! Baba aliwaka. Wiki nzima hakuongea naye, mimi ndiye nikawa simu yao. "Mwambie mama yako chai haina tangawizi." Mama yangu amekaa palepale, anamsikia.

Tukapata mazishi Madibira, kule kwenye mashamba ya mpunga. Nilikwenda, maana marehemu alikuwa mteja wangu. Wakati wa kurudi tukasikia harufu ya kuungua. Baba akasimama kando, nikateremka. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa la moto kiasi kwamba nilipolitemea mate, yalilia chwaa kama tone la maji kwenye kikaango.

Kesho yake tulikwenda gereji. Fundi akafungua. Pedi za kushoto zimebaki chuma kitupu, za kulia bado nene kabisa.

"Kalipa ya kushoto imejam, mzee," akasema. Akatuonyesha: ndani ya kalipa kuna pistoni, ukikanyaga breki inaisukuma pedi, ukiachia inarudi. Hii ilikuwa imeshika kutu, hairudi. Inaibana diski tu, uwe umekanyaga au hujakanyaga.

"Kwa hiyo si mguu wangu?" Baba akauliza.

"Mguu ungekula pande zote sawasawa, mzee."

"Hebu rudia."

Fundi akarudia. Baba akanigeukia, akanitazama mpaka nikaangalia pembeni.

Fundi akataka kujua kutu yote ile imetoka wapi. Gari mnaoshaje? Hapo ndipo nikaeleza mambo ya kwetu. Kwa Mama, gari lililobeba maiti haliingii uani likiwa kavu. Linamwagiwa maji getini, magurudumu kwanza, palepale linapofika, hata kuzima hujazima. Ni ndoo kwa ndoo, na maji ya Uyole asubuhi au jioni ni barafu tu. Miaka yote hiyo, kila msiba, tulikuwa tunayamwaga kwenye chuma cha moto.

"Mnakikaanga halafu mnakigandisha," fundi akasema. Mipira inayoizuia pistoni isiingie maji ilikuwa imepasukapasuka.

Mama alipoambiwa alikuja juu. "Kwa hiyo mauti yaingie uani kwangu kwa ajili ya pedi?" Tulibishana weee, mwisho tukakubaliana gari lilale nje ya geti mpaka lipoe, lioshwe asubuhi, kisha Baba alizungushe kidogo breki zikauke. Fundi akasugua pistoni, akaweka mipira mipya, akapaka pini za kalipa grisi yake inayotakiwa, akafunga pedi mpya kushoto na kulia. Baba alirudi nyumbani kifua mbele. Mama akamwomba radhi, akampikia kande kwa chumvi kidogo kama daktari alivyosema. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Kutu ikisuguliwa ikatoka, mambo yanaisha.

Mahindi hayajakauka shambani, harufu ikarudi.

Asubuhi hiyo wazee walikuwa wameshapiga hodi. Jirani yetu wa nyumba ya tatu amefariki, kesho ni kumpeleka Tukuyu, na barabara ile unaijua ilivyo na miteremko. Baba akasema kwanza gari lipitie gereji. "Imejam tena," akamwambia fundi kabla hata ya salamu. "Ni maji ya huyu mama."

Fundi akafungua kushoto. Akafungua kulia. Akazipanga pedi zote juu ya kiroba. Zote zilikuwa nyembamba, zote zinafanana. Baba akainama, akachukua moja ya kushoto na moja ya kulia, akazishikanisha, akapitisha kidole gumba ukingoni. Hakikukwama popote.

"Zimejam zote mbili," akasema.

Fundi hakubisha. Alisukuma pistoni, zikarudi ndani laini kabisa. Akazungusha gurudumu kwa mkono likiwa juu ya jeki, likazunguka.

"Basi pedi zilikuwa feki."

"Labda, mzee," fundi akajibu, akawa anafuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Akafunga mpya.

Tuliondoka, Baba akiendesha. Tulipofika sehemu tambarare, mbele hakuna gari wala nyuma, akapunguza mwendo.

"Mwanangu, hebu nitazamie mguu wangu wa kulia."

Niliinama.

"Uko wapi?"

"Kwenye mafuta. Ila ubavu wa kiatu umelalia breki."

Macho yake hayakutoka barabarani. Nikaona paja limetikisika.

"Haya, nimeutoa. Sasa je?"

Nilitaka kumdanganya. Mungu wangu ananijua, nilitaka sana. Kiatu kilikuwa palepale.

"Bado umelala hapohapo, Baba."

Akaegesha pembeni taratibu, akavuta breki ya mkono, akazima. Lori likatupita, pikapu ikayumba. Akaweka mikono yote miwili juu ya lile goti, akawa analibonyeza kwa vidole.

"Kesho wananisubiri," akasema. "Nitawaambiaje?"

"Waambie gari bovu."

Akapapasa usukani.

"Gari ni zima, mwanangu."