Mkwe Wangu na Pampu Isiyokufa Upesi

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, kila mtu anamwita Taratibu isipokuwa mama yake mzazi. Jina hilo alipewa kazini, na hakupewa kwa heshima. Kazi yake ni kuosha pampu ya zege. Wenzake wakishamwaga zege na kuvua buti, yeye ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati. Anaiosha kama mtu anayeogesha kichanga, kidogo kidogo, akichungulia kila mkunjo.

Pampu yenyewe ni gari lenye shingo ndefu ya mabomba. Likiinyoosha linaweza kumnywesha uji mgonjwa wa ghorofa ya saba bila yeye kuinuka kitandani. Nyuma lina beseni kubwa la chuma, humo ndimo zege linamomwagwa. Ndani ya beseni mna bomba lililopinda kama shingo ya bata. Linaruka kushoto, linaruka kulia, linameza zege na kulisukuma juu. Bomba hilo halina urafiki. Na ubavuni mwa gari kuna mtungi mweusi, si mkubwa kuliko chupa yangu ya chai, unaobana mafuta kwa nguvu. Ukizima injini, mtungi haujui kwamba kazi imeisha. Bado umebana pumzi. Mtu akigusa wenzo, ule mkono wa chuma wa kuliendeshea bomba, bomba linaruka mara moja, na mara moja inatosha.

Nayajua haya kwa sababu nauza chai pembeni mwa uzio wa wajenzi, na masikio yangu hayajazeeka. Miguu ndiyo iliyozeeka.

Zamani Taratibu alikuwa na mwenzake, Mluzi. Mtu mwembamba, ana pengo kwenye meno ya mbele, na pengo hilo ndilo lililokuwa filimbi yake. Alipiga mluzi akiosha, akifunga kamba za buti, hata akigombezwa. Wimbo ulikuwa mmoja tu, wa vipande vitatu, na kila akifika kipande cha tatu alikosea palepale. Siku moja nikamwambia, "We baba, huo wimbo una kijiwe kwenye kiatu." Akacheka hadi akanimwagia chai.

Siku aliyokufa, Taratibu ndiye aliyezima injini. Ndiye aliyesema, "Imekufa, ingiza mkono." Mluzi akaingiza mkono kukwangua zege, mtu akapita akaegemea wenzo. Msiniulize zaidi. Hakufika hospitali. Chai yangu ilipoa kwenye vikombe vyote na hakuna aliyekuja kuinywa.

Tangu hapo mkwe wangu hasemi "imekufa". Hata taa ikiungua, husema "imelala". Binti yangu ananiambia hushtuka mchana kweupe, kijiko kinywani, akauliza nani anapiga mluzi. Hakuna mtu. Na kazini akajiwekea desturi. Akizima injini anachukua ufunguo, anauvaa shingoni. Kisha anafungua koki ya mtungi na kutega sikio. Mafuta yakitoka mtungini kurudi kwenye tangi hulia fyuuu, sauti nyembamba, inapungua, inanyamaza. Yeye hungoja inyamaze ndipo atazame geji, kile kisaa cha kupimia mbano wa mafuta. Geji ikiwa sifuri, bado hatii mkono. Anatia mti kwanza, kipande cha mpini wa beleshi, na kumwambia mwenzake avute wenzo. Mti ukipona, mtu atapona.

"Unamsubiri marehemu akupe ruhusa?" walimtania.

"Namsubiri," akajibu, na hakuwa anatania.

Sasa siku yenyewe. Jua lilikuwa kali hadi kivuli changu kikanikimbia, kikaenda kulala chini ya gari. Zege lilikuwa limebaki kwenye mabomba, na zege kwenye jua kama lile halina subira. Likigandia humo, bomba ni la kutupa. Msimamizi, mtu mfupi mwenye sauti ndefu, alikuwa ameshasema asubuhi mbele yetu sote: "Taratibu, wiki jana ulitugandishia bomba. Likiganda lingine leo, kesho usije."

Nikamtazama mkwe wangu. Nyumbani tuko mimi, binti yangu na watoto wanne, na chai yangu haijawahi kumshibisha hata paka.

Opareta siku hiyo alikuwa mgeni, jitu la mabega, mwepesi wa mikono. Injini ikazimwa. Taratibu alipomaliza kuuvaa ufunguo, mgeni alikuwa ameshazungusha koki.

"Nimefungua," akasema. "Geji hiyo hapo, sifuri. Imekufa, ingiza mkono."

Maneno yaleyale. Na aliyeyasema hakuwahi kumjua Mluzi hata kwa kusimuliwa.

Uso wa Taratibu ukageuka rangi ya saruji. "Haijalia," akasema.

"Nini haijalia?"

"Mtungi. Sijausikia mluzi."

"Sasa mashine ilie, kwani imefiwa?"

Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. "Zege linaganda, wewe! Ingiza mkono, au nipe huo ufunguo nimtafute anayeweza kuosha!"

Nikaweka birika chini. Taratibu akainua mkono wa kulia, akaushusha hadi mdomoni mwa beseni, kama mtoto anayetii. Halafu akageuza kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akaurudisha mkono, akachukua mti, akautia.

"Vuta wenzo," akamwambia opareta.

Yule akavuta huku akitabasamu. Bomba likaruka. Ka! Mti ukakatika kama muwa, kipande kikapaa juu ya uzio kikaangusha kunguru wawili. Haya, mmoja.

Taratibu akaenda kwenye geji, akaigonga kwa spana. Kioo chake kilikuwa na ufa, uji wa saruji uliingia humo na kuibana sindano. Ilipogongwa ikaachia, ikapanda kupita nusu. Akaikagua koki: mpini wake umelegea, unazunguka bure, na koki yenyewe haijafunguka hata kidogo. Akaibana kwa spana, akaizungusha.

Ikalia. Fyuuu, kwa vipande vitatu, na kwenye kipande cha tatu ikakosea palepale.

Taratibu akavua kofia.

Opareta alikuwa amekaa chini, anatazama viganja vyake mwenyewe. Nilidhani mkwe wangu atamporomoshea matusi. Akachuchumaa mbele yake, akasema polepole, "Sema imelala, ndugu yangu. Lile neno lingine usilitamke hapa."

Wakajaribu tena kwa kipande cha mti kilichobaki, kikapona. Ndipo akaosha, taratibu kama kawaida yake. Mabomba mawili yalikuwa yameganda. Msimamizi akayatazama, akaenda nyuma ya uzio, akarudi na kile kipande kilichokatika. Akamkabidhi Taratibu.

"Kesho uje na mti mrefu zaidi," akasema, akaondoka.

Jioni, nyumbani, mkwe wangu alinawa, akavuta kigoda karibu yangu.

"Mama."

"Naam, baba."

"Koki ilipofunguka, wewe ulisikia nini?"

Binti yangu akaacha kukunja nguo. Nikayatazama macho ya yule mtu, macho ambayo miaka yote hii hayajalala sawasawa.

"Mafuta," nikamwambia. "Yalilia fyuuu, basi. Ulitaka nisikie nini, kwaya?"

Akashusha pumzi. Akala sahani mbili, akalala kama gogo, na binti yangu anasema hashtuki tena.

Habari hii nimeitia chumvi kidogo. Kunguru hakuwapo kabisa. Lakini uongo hasa ni ule mmoja niliomwambia mkwe wangu. Kwa sababu sasa nikiwa pale kwenye uzio, namimina chai, wimbo unaanza, na kipande cha tatu kinapokosea, mimi ndiye ninayegeuka.