Kompyuta ya Mama Mkwe, Nyuma ya Pazia

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Nina kibanda cha stesheneri Lushoto mjini, karibu na soko. Napiga chapa, natoa kopi, na watu wakiharibu mashine zao wananiletea huku wakiapa kwamba hawajagusa kitu. Nimezoea. Kompyuta iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya mama mkwe wangu, kule Kwai, na ukweli ni kwamba yenyewe haikuwa na ugonjwa mkubwa. Ugonjwa ulikuwa mimi na mama mkwe.

Aliyenipigia simu ni bibi wa mke wangu, mama yake baba mkwe. Mama mkwe mwenyewe hanipigii. Katika ukoo wao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, chumbani kwake sikanyagi, na jina lake silitaji hata nikiwa peke yangu bafuni. Bibi ndiye wa kutaniana naye. Huyo ananiita mume wake, mke wangu anamwita mke mwenzake, na kila nikifika ananikagua kama ng'ombe wa mnadani kuona kama huyo mwenzake ananilisha.

"Mume wangu," alisema kwenye simu, "kompyuta ya mama imekufa. Njoo uifufue, kesho saa sita wanataka karatasi za wimbo."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi, maana habari ya ule wimbo tulikuwa nayo familia nzima. Mama mkwe ni mwalimu wa kwaya usharikani kwao. Miaka yote amefundisha nyimbo za watu wengine. Mwaka ule alikuwa ametunga wa kwake, wa kwanza maishani, tena aliutunga akikamua ng'ombe. Kwaya za wilaya zilikuwa zinashindana Jumamosi, na sharti lilikuwa moja: anayeleta wimbo mpya apeleke nota zake kabla, zimeandikwa vizuri, na jina la mtunzi juu. Asiyepeleka ataimba wimbo wa zamani. Nota za mama mkwe zilikuwa ndani ya kompyuta ile ya mezani ambayo usharika ulipewa msaada, na hazikuwa mahali pengine popote isipokuwa kichwani mwake.

Nikapanda bodaboda na sukari mkononi, kwa sababu mkwe haendi ukweni mikono mitupu hata kama anakwenda kufanya kazi ya bure. Ndani ya nyumba nilikaribishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa mbele yangu, umefunikwa na pazia la maua.

"Shikamoo mama," nililiambia pazia.

"Marahaba baba," pazia likajibu.

Kompyuta ilikuwa huko ndani naye. Nikashauri iletwe sebuleni. Bibi akasema soketi ya sebuleni iliungua siku ya pasi, na waya wa kurefushia umeazimwa kwenye harusi. Nikashauri basi mama atoke, mimi niingie. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, akavuta kigoda, akakaa mlangoni katikati ya pazia, nusu yake sebuleni nusu yake chumbani.

"Sema," akasema. "Nitafikisha."

Kwanza nikataka kujua kilichotokea. Maelezo yalikuja kupitia kwa bibi, vipande vipande. Asubuhi mashine iliomba ruhusa ya kusasisha programu zake. Mama mkwe, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akairuhusu. Ikiwa katikati ya shughuli mvua ikanyesha na umeme ukakatika. Uliporudi, programu ya kuandikia nota haikufunguka tena. Inatoa ujumbe wa Kiingereza na kunyamaza.

Hapo nilitulia, maana hilo nalijua. Programu za mashine ile huja kwa vifurushi, na vifurushi vinategemeana. Hiki hakisimami mpaka kile kisimame, na kile nacho kinangoja cha tatu. Umeme ulipokatika kimojawapo kilibaki nusu kimefungwa nusu hakijafungwa, na vyote vilivyokitegemea vikagoma. Nikamweleza bibi hivyo hivyo.

"Ni posa," bibi akasema baada ya kufikiri. "Mshenga kakwama njiani, na kule wamekaa wanangoja soda."

Dawa yake ni amri moja fupi inayoandikwa kwenye dirisha jeusi, kuiambia mashine imalizie ilichokiacha. Nikasema, "Bibi, mwambie aandike sudo, aache nafasi, halafu..."

"Unamwamrisha mama mkwe wako?"

Nikaanza upya. Nikasema kompyuta ingependa, kama mama ana nafasi, iandikiwe neno sudo. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika na kufikisha, herufi moja moja. Tulikwenda mwendo huo kwa mstari mzima, mpaka vistari viwili na ile herufi a ya mwisho. Mama mkwe akabonyeza. Mashine ikajibu kwamba haijui amri hiyo.

Nikamwomba bibi asome kilichoandikwa, neno kwa neno. Bibi anasoma Biblia yake vizuri tu. Akavaa miwani, akainama ndani, akarudi. Mstari ulianza na neno tafadhali.

"Bibi, tafadhali imetoka wapi?"

"Nimeitia mimi. Ulitaka mwanangu aongee na chombo cha kanisa kama mgambo?"

Nilikasirika, nakiri, na hasira ya ukweni haina pa kwenda. Nikakunja kitambaa kimoja cha kochi, nikakikunjua, nikakiweka mahali pake. Kisha nikaeleza kwamba mashine ile haina malezi, haielewi tafadhali wala samahani, iandikiwe kavu. Bibi akakubali kwa shingo upande. Mama mkwe akaandika kavu. Mashine ikaomba nywila.

Halafu bibi akasema, "Anaandika lakini hakiandikiki kitu. Kibodi nayo imekufa."

"Haijafa. Nywila haionyeshwi. Inaficha kusudi, mtu asiione."

Bibi alilipenda hilo. "Kumbe ina heshima kidogo," akasema.

Lakini nywila ikakataliwa, mara ya kwanza na ya pili. Nikauliza kama mama ana hakika anaikumbuka. Bibi akaingiza kichwa ndani ya pazia, nikasikia minong'ono ya Kishambaa, kisha nikamwona bibi ameshika kizingiti, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Anaikumbuka," akasema alipopata pumzi. "Ni jina lake. Lile la ubatizo. Kaliweka hilo kwa sababu nyumba hii hakuna mtu wa kulitaja."

Nilicheka kidogo kwa adabu, halafu nikaacha. Ilikuwa kweli tupu. Kijiji kizima kinamwita mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwaya inamwita mwalimu. Baba mkwe, ambaye yuko Shume kwenye mbao na hurudi Jumapili, anamwita mama watoto. Bibi anamwita mwanangu. Mimi nalisitiri. Kwa ulinzi wa kompyuta sijawahi kuona nywila bora kuliko ile, na nilivyozidi kuiwaza ndivyo ilivyonisikitisha.

"Mwambie... kompyuta inauliza kama kuna kitaa kinachowaka juu ya kibodi."

Kilikuwepo. Herufi kubwa zilikuwa zimewashwa. Wakazima, mama mkwe akaandika jina lake tena, kimyakimya, na safari hii mashine ikamkubali. Maandishi yakaanza kumiminika. Bibi akayasimulia kama mpira redioni: sasa yanapanda, sasa yamesimama, sasa yanapanda tena. Kisha yakasimama kabisa na kuuliza swali.

Swali ndilo lililotuharibia mchana. Kifurushi kimoja kilikuwa kimevunjika vibaya, na mashine ilipendekeza kuirekebisha hali kwa kuondoa programu ya nota, yote. Ikubaliwe au ikataliwe. Mama mkwe Kiingereza cha shule anakijua, na neno la kuondoa alilielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

"Anasema hapana," bibi akasema.

Nikaeleza. Programu ni kitu kimoja na wimbo ni kitu kingine. Ukiitoa programu, wimbo unabaki kwenye faili lake, nasi tutairudisha programu upya kutoka mtandaoni, modemu ninayo. Bibi akafikisha. Jibu likaja kwamba hapana. Nikaeleza tena kwa kutumia sufuria na ugali. Hapana. Fundi mwenye akili huanza kwa kunakili kila kitu kwenye flashi, na flashi yangu ilikuwa imebaki kibandani, imechomekwa kwenye mashine ya mteja.

Bibi alichoka kugeuza shingo. Akaacha kufikisha. Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia, bila kupitia kwa mtu.

"Baba, wimbo wangu utabaki?"

Nilishtuka kama nimeitwa na ofisa. Alikuwa hajawahi kuniuliza kitu moja kwa moja tangu nimwoe binti yake. Niliogopa, nasema kweli. Kwa kawaida faili linabaki. Lakini nimeona diski za zamani zikifanya vituko, na ile ilikuwa ya zamani sana.

"Utabaki, mama," nikasema.

"Umeshaona ukibaki?"

"Nimeona mara nyingi. Nimeona pia mara moja moja ukipotea. Lakini kwa hali ilivyo, tusipoiondoa haufunguki kabisa."

Bibi alinikazia macho kwa ule ukweli usioombwa. Halafu ndani nikasikia kitufe kimoja kikibonyezwa kwa nguvu, kama mtu anayeua chawa kwa kucha.

Programu ikaondoka. Nikapitisha modemu kwa bibi, wakaichomeka. Mtandao wa kule hupatikana vizuri upande wa zizi tu, kwa hiyo dirisha likafunguliwa na waya ukavutwa mpaka kizingitini. Programu ikaanza kushuka kwa mwendo wa kinyonga, bibi akitangaza, ng'ombe akichungulia. Tulikunywa chai. Bibi akaniuliza kama kazi hii ndiyo ninayolipiwa, tena watu wazima wakiona.

Mwishowe ikasimama sawasawa. Nikasikia kitufe kikibonyezwa, na kompyuta ikaanza kuimba kwa ile sauti yake ya bati, sauti zote nne pamoja. Bibi akaacha kikombe hewani. Mama mkwe aliupiga wimbo mpaka mwisho, akaurudia, na safari ya pili aliufuatiliza kwa sauti yake mwenyewe, chinichini. Niliona haya kusikiliza, na sikutaka uishe.

Aliutuma kwenye barua pepe yangu, nikauchapa kibandani asubuhi na kuupeleka ofisini kwa waandaaji wa mashindano kabla ya muda. Juu kulikuwa na mstari wa mtunzi. Sikuusoma kwa sauti, lakini niliusoma.

Jumamosi mimi na bibi tulikaa benchi la tatu. Kwaya ya mama mkwe ilipopanda, mshereheshaji akachukua karatasi, akatangaza jina la wimbo, kisha akalipitia jina la mtunzi haraka haraka huku kipaza sauti kikikoroma. Waimbaji wenyewe wakatazamana. Baba mmoja nyuma yetu akauliza huyo ni nani, na mwenzake akasema labda mtu wa Tanga. Bibi akanifinya paja na kuniambia nimjibu, akijua fika kwamba siwezi.

Mama mkwe alikuwa ameshainua mikono ya kuanzisha. Akaishusha. Akamgeukia mshereheshaji, na kanisa zima lilimsikia bila kipaza sauti.

"Rudia hilo jina," akasema.

Mshereheshaji akalirudia.